Seva ya biashara: swali la kwanza ni viraka vitaisha lini

Mnamo Januari 12, 2027, kampuni ya Microsoft itaacha kutoa viraka vya usalama kwa Windows Server 2016, isipokuwa kwa wateja watakaolipia huduma ya ziada. Toleo lililotangulia, Windows Server 2012, lilifikia mwisho wake Oktoba 10, 2023. Kwa upande wa Linux, CentOS 7, ambayo ilitumiwa sana duniani kwa kuwa haikuwa na ada, ilifungwa Juni 30, 2024.

Siku hizo zilipofika, mashine zenye mifumo hiyo hazikuzimika. Ziliendelea kuwaka asubuhi, kuchapisha risiti na kuonyesha salio la mwanachama kama kawaida. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye biashara haoni tofauti yoyote, ilhali kila udhaifu mpya unaogunduliwa baada ya tarehe hiyo unabaki wazi, na wahalifu wa mtandaoni husoma kalenda hizo pia.

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine: inatunza hifadhidata ya wanachama wa SACCO, hesabu za duka la jumla, rekodi za wagonjwa katika zahanati au kilo za maziwa ambazo kila mkulima amepeleka kwa ushirika. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia mashine hiyo. Ndio unaoamua nani aingie, faili ihifadhiwe wapi, na programu ya mauzo ipate nguvu kiasi gani ya mashine. Ukiuchagua vibaya, kuubadilisha baadaye ni sawa na kubadilisha msingi wa nyumba ambayo watu tayari wanaishi ndani.

Wauzaji wengi wa mashine hulijibu swali hili kabla mteja hajaliuliza. Seva huletwa ikiwa na mfumo ambao fundi ameuzoea, na mwenye biashara huangalia bei ya jumla tu. Yapo mambo machache ambayo mteja anaweza kuyauliza mwenyewe hata kama si mtaalamu wa kompyuta.

Programu ya kazi ndiyo hutangulia

Biashara hainunui mfumo endeshi ili kuutazama. Inanunua programu ya hesabu, ya mauzo au ya matibabu, na programu hiyo mara nyingi huwa imeshaamua nusu ya jambo. Baadhi ya SACCO na kampuni hutumia Microsoft Dynamics 365 Business Central, au ile iliyoitangulia, Dynamics NAV. Ikiwekwa kwenye mashine ya ofisini, inahitaji Windows, na hakuna mjadala zaidi. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, huwekwa juu ya Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya familia za Linux. Koha, programu huria ya maktaba, hutumika zaidi kwenye Debian na Ubuntu. Biashara inayotumia Odoo kwa mauzo na bohari itajikuta upande huo huo.

Kwa mashirika makubwa mambo hubana zaidi. Hifadhidata ya SAP HANA, kwa mfano, inaruhusiwa kwenye mifumo miwili tu ya Linux: Red Hat Enterprise Linux na SUSE Linux Enterprise Server. Kampuni inayoiweka kwenye Linux nyingine inaweza kuiona ikifanya kazi, lakini siku ya tatizo mwenye programu atakataa kusaidia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa programu ni hili: imejaribiwa kwenye mfumo gani, na toleo gani hasa? Jibu liwe la maandishi. Jibu la “inafanya kazi kokote” halitoshi. Hifadhidata ya SQL Server ilikuwa ya Windows pekee kwa miaka mingi, na tangu toleo la 2017 inaweza kuwekwa kwenye Linux pia. Lakini programu iliyojengwa juu yake huenda isihame kwa urahisi kama hifadhidata yenyewe.

Programu ya mauzo iliyounganishwa na eTIMS ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) inastahili kuulizwa kwa makini zaidi. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa. Seva ya duka la jumla ikilala kwa siku mbili, wateja wake wenye biashara zao hawatasubiri ankara, watanunua kwingine.

Lipo pia kosa la kawaida la kutumia Windows ya mezani kama seva. Leseni ya Windows 10 au 11 inaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuunganishwa na mashine moja kwa ajili ya huduma kama za mafaili na uchapishaji. Duka lenye kaunta tatu linaweza kuishi hivyo. Ushirika wenye matawi utagonga ukuta, na kama mashine ni ya Windows 10, viraka vyake vya kawaida vilikwisha Oktoba 14, 2025.

Miaka mingapi?

Baada ya programu, swali linalofuata ni tarehe. Kila mfumo wa seva unaostahili jina hilo una tarehe iliyotangazwa ya kukoma kwa viraka, na mnunuzi anapaswa kuilinganisha na umri ambao anatarajia mashine ifikie. Seva ya ofisi hukaa miaka mitano hadi saba, wakati mwingine zaidi, maana hakuna anayependa kuigusa ikiwa inafanya kazi.

Windows Server 2019 itahudumiwa hadi Januari 9, 2029, na Windows Server 2022 hadi Oktoba 14, 2031. Toleo la 2025 litakwenda hadi 2034. Red Hat Enterprise Linux hupewa miaka 10 kwa kila toleo kuu: toleo la 8, lililotoka Mei 2019, linafika 2029, na la 9, la Mei 2022, linafika 2032. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kulitunza kwa miaka 5. Anayejisajili kwa huduma ya Ubuntu Pro huongezewa hadi kufika 10. Debian, inayotengenezwa na jumuiya ya watu wanaojitolea tangu 1993, hutoa miaka 3 kamili na kisha 2 ya usalama pekee.

Hesabu hizi zina mtego mmoja. Miaka huhesabiwa tangu toleo lilipotoka, si tangu siku ya kununua. Ushirika utakaoweka Ubuntu 22.04 leo kwa sababu fundi ana nakala yake kwenye flashi utapata viraka vya kawaida hadi 2027 tu, ilhali 24.04 ingeufikisha 2029 kwa kazi ile ile. Vivyo hivyo kwa anayeuziwa Windows Server 2019 kwa bei ya kutupa. Bei imeshuka kwa sababu miaka imekwisha kuliwa.

Kisa cha CentOS

Tarehe iliyotangazwa ni ahadi, na ahadi ina thamani ya yule anayeitoa. Hakuna mfano ulio wazi zaidi ya ule wa CentOS.

Red Hat, kampuni ya Marekani, huuza mfumo wake kwa ada ya kila mwaka. Lakini kwa kuwa Linux ni programu huria, msimbo wake ulipatikana kwa umma, na tangu 2004 jumuiya ya CentOS ilikuwa ikiuchukua msimbo huo, kuondoa nembo za Red Hat na kutoa mfumo unaofanana nao karibu kwa kila kitu, bila ada na bila usaidizi. Kampuni za kukodisha tovuti, vyuo vikuu na benki duniani ziliutumia. Mwaka wa 2014 Red Hat iliichukua CentOS chini ya bawa lake, na wengi waliona hiyo kuwa dhamana zaidi.

Toleo la 8 la CentOS lilipotoka 2019, watumiaji waliambiwa watapata viraka hadi 2029. Kisha, Desemba 8, 2020, Red Hat ikatangaza kwamba toleo hilo lingekoma Desemba 31, 2021. Miaka minane ikakatwa kwa tangazo moja. Badala yake walipewa CentOS Stream, ambayo hupokea mabadiliko kabla hayajafika kwenye mfumo wa kulipiwa, jambo ambalo mwenye hifadhidata ya mishahara hataki kusikia. Kwa namna fulani ya kejeli, waliochelewa kuhama kutoka toleo la zamani, la 7, ndio waliobaki na muda zaidi, hadi Juni 2024.

Mambo mawili yalizaliwa hapo. Rocky Linux ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, na AlmaLinux ikaanzishwa na kampuni ya CloudLinux. Zote mbili zilitoa matoleo thabiti mwaka wa 2021 na sasa zinasimamiwa na mashirika yao. Juni 2023 Red Hat ilibana tena njia ya kupata msimbo wake kwa umma, na zote mbili zikalazimika kubadilisha namna ya kufanya kazi. Zingali hai. Toleo lao la 9 limepangwa kutunzwa hadi 2032, na kwa biashara isiyo na uwezo wa kulipa Red Hat ni chaguo zuri. Hata hivyo, mwenye biashara ajue anategemea nani: jumuiya na wafadhili wake, si mkataba wenye sahihi yake.

Bure ina bei yake, na leseni ina masharti

Ubuntu, Debian, AlmaLinux na Rocky Linux hazina ada ya leseni. Ubuntu Pro yenyewe haina malipo kwa matumizi binafsi na ya biashara ndogo hadi mashine 5, kiasi kinachotosha ofisi nyingi za kaunti ndogo. (Jina la mfumo huo, kwa asiyejua, linatoka katika lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na ni ndugu wa neno letu utu, mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini.)

Windows Server huuzwa kwa kore za prosesa, na leseni ya chini kabisa kwa kila seva ni ya kore 16, hata kama mashine ina nane. Bei iliyotangazwa na Microsoft kwa toleo la 2022 la Standard ilikuwa dola 1,069 kwa kore hizo, na la Datacenter dola 6,155. Standard inaruhusu mashine pepe mbili, yaani seva mbili zinazoishi ndani ya chuma kimoja. Datacenter haina kikomo. Juu ya hapo kuna leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa kinachoingia kwenye seva. Hii ndiyo inayosahauliwa katika bei nyingi ambazo wauzaji huwapa wateja. Ushirika wenye makarani 12 unaopewa bei ya mashine na mfumo pekee umepewa nusu ya habari. Kwa ofisi ndogo kuna Windows Server Essentials, ambayo huuzwa pamoja na mashine, inahudumia watumiaji 25 na vifaa 50, na haihitaji leseni hizo za ziada.

Nakala ya Windows iliyofunguliwa kwa programu ya wizi ni jambo lingine. Mbali na kuvunja Sheria ya Hakimiliki, programu hizo za kuvunja leseni humtaka fundi azime kinga ya mashine kwanza ili zifanye kazi. Hakuna njia ya kujua zimeacha nini ndani.

Upande wa Linux, gharama ni ya mtu. Kama mji una fundi mmoja tu anayeielewa Debian naye yuko mbioni kwenda kutafuta kazi kwingine, mfumo usio na ada utageuka ghali siku atakapoondoka na neno la siri kichwani. Hapo ada ya Red Hat, SUSE au Canonical, mwenye Ubuntu, hununua kitu halisi: namba ya kupiga. Biashara inayopoteza fedha nyingi kwa saa moja ya kulala inaweza kuiona ada hiyo kuwa ndogo. Zahanati yenye kompyuta nne huenda isiihitaji, mradi iwe na mafundi wawili wanaojua mfumo huo, na neno la siri lililofungwa kwenye bahasha ndani ya sefu.

Viraka visivyowekwa

Mei 12, 2017, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilisambaa duniani ikifunga mafaili ya kompyuta za Windows na kudai malipo. Nchini Uingereza, huduma ya afya ya umma ya England ilikadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Kiraka cha kuzuia shambulio hilo kilikuwa kimetolewa na Microsoft Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizoathirika hazikuwa na mfumo uliopitwa na wakati. Zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa ingali ikihudumiwa. Hakuna aliyekuwa ameweka kiraka.

Kabla ya kununua mfumo wowote, basi, ofisi iandike jina la mtu atakayeweka viraka, siku ya mwezi atakayofanya hivyo, na saa ambayo seva inaweza kuzimwa bila kuwazuia wateja. Microsoft hutoa viraka vyake vikuu Jumanne ya pili ya kila mwezi. Linux hutoa vyake vinapokuwa tayari, na inaweza kuagizwa kuweka vile vya usalama yenyewe usiku. Nakala rudufu ichukuliwe kabla, na angalau nakala moja iwe nje ya jengo.

Haraka nayo ina hasara. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu katika kila Linux. Aliushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa takriban nusu sekunde. Mlango huo ulikuwa umefika katika matoleo ya majaribio, kama yale ya Debian na Fedora, lakini haukuwa umeingia katika Debian thabiti, Ubuntu ya muda mrefu wala Red Hat Enterprise Linux. Seva ya biashara haina sababu ya kuwa ya kwanza kujaribu toleo.

Sheria inamtazama mwenye data

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayeshika taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda kwa hatua zinazofaa za kiufundi. Taarifa zikivuja na kuna hatari halisi ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo zaidi. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa kujisajili, lakini msamaha huo hauzigusi zahanati, shule, hoteli wala watoa huduma za kifedha, na haumwondolei yeyote wajibu wa kulinda taarifa. Mfumo uliokoma kupewa viraka miaka miwili kabla ya uvujaji utakuwa mgumu kuutetea mbele ya Kamishna.

Kwa aliye na seva tayari

Kujua mfumo uliopo huchukua dakika moja. Kwenye Windows, fungua dirisha la kutafuta na uandike winver. Kwenye Linux, fundi aandike cat /etc/os-release. Jina na namba vitakavyoonekana vilinganishwe na tarehe zilizo kwenye tovuti ya mwenye mfumo.

Ikiwa tarehe imepita, seva isihamishwe wakati wa kufunga mahesabu ya mwaka wala mwisho wa mwezi. Mashine mpya iwekwe kando, nakala rudufu irudishwe humo, na makarani waitumie kwa wiki moja kukagua salio, ripoti, uchapishaji wa risiti na ankara huku ya zamani ikiendelea na kazi. Walio kwenye CentOS 7 wanaweza kupanda hadi AlmaLinux 8 kwa zana iitwayo ELevate bila kuanza upya, lakini hata hapo nakala rudufu iwe imejaribiwa kwanza. Kwa muda ambao seva ya zamani itabaki kazini, itolewe kwenye intaneti na iachwe kwenye mtandao wa ndani pekee.

Baada ya kuhama, diski za zamani zisiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma. Kumbukumbu za kodi zinapaswa kuhifadhiwa kwa miaka 5, hivyo nakala inayosomeka ibaki ofisini. Diski yenyewe ifutwe kabisa kwa programu maalumu au itobolewe, kwani kubonyeza kitufe cha kufuta huacha majina, namba za simu na salio la kila mwanachama mahali pake.